Damu Iliyokataa Kushuka

Vijana wa maabara walioniaga kwa keki na saa ya ukutani waliniomba niandike machache kuhusu kazi ya zamani, "kabla hujasahau, mama." Sijasahau. Laiti ningesahau. Nadhani walitaka vichekesho: jinsi tulivyochemsha sindano kwenye sufuria, jinsi tulivyovuta damu kwa mdomo. Vichekesho vimo, lakini havitoshi kujaza kurasa, na sioni sababu ya kuipaka kazi yangu sukari leo wakati sikuipaka nilipokuwa nikilipwa kuifanya.

Nilianza miaka ya sabini katika kituo kimoja cha afya huku Eastlands, Nairobi. Jina lake naliacha, maana wengi waliokosea humo walikosea wakijitahidi. Maabara ilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa stoo ya maziwa ya unga, na jua likiwaka bado kilinuka maziwa. Tulikuwa na hadubini moja, jiko la mafuta ya taa, mfereji uliotoa maji ulipojisikia, na meza ndefu ya mbao. Niliyemkuta ni Mzee Mutua, Mkamba mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Mimi nilikuwa msichana wa Murang'a mwenye cheti kipya ndani ya bahasha. Hakukiuliza. Aliniuliza, "Wambui, unaweza kukaa na kitu saa nzima bila kukigusa?"

Kitu chenyewe kilikuwa kipimo cha kushuka kwa damu, ambacho sote tulikiita ESR. Unatoa damu mkononi, unaichanganya na dawa ya kuizuia isigande, unaivuta ndani ya mrija mrefu mwembamba wa kioo wenye alama, kisha unausimamisha wima. Halafu unangoja saa moja. Chembe nyekundu huzama polepole na juu yake hubaki maji ya manjano. Kwa mtu mwenye afya huzama kidogo tu. Kwa mwenye uvimbe wa ndani, ule moto unaowaka mwilini bila kuonekana, damu huporomoka. Ukiuinamisha mrija kidogo tu, damu hushuka haraka kuliko haki yake. Meza ikitikisika, hivyo hivyo.

Na meza yetu ilitikisika. Ng'ambo ya ukuta walikaa mafundi wa masanduku ya bati, yale ya watoto wa bodingi, na tangu asubuhi ilikuwa nyundo juu ya nyundo. Mzee Mutua alikuwa amekata akala kuukuu, vile viatu vya tairi, akaivalisha meza miguu yote minne, na ukutani alitundika timazi aliyopewa na mwashi ili ahakikishe mrija umesimama wima kweli. Wageni walipomuuliza kwa nini meza imevaa viatu, aliwajibu kwamba ina safari. Damu tuliivuta kwa mdomo, kama mtu anayenyonya soda, jicho likikodolea alama. Nyinyi mnaovaa glavu mbili mnaweza kucheka. Nami nilicheka, mpaka nilipoanza kuwakumbuka wenzangu walioumwa ini kwa uvutaji ule, nikaacha.

Kasoro ya kipimo hicho Mzee Mutua alinieleza wiki ileile. Kinakuambia kuna moto, hakikuambii uko nyumba gani. Kifua kikuu hushusha damu. Jipu hushusha. Hata upungufu wa damu peke yake hushusha, pasipo uvimbe wowote. Sasa wafikirie watoto wetu wa Makongeni, Kaloleni na Majengo, watoto wa chai ya rangi na ugali kwa sukuma. Wengi wao damu ilishuka tu. Matabibu wapya, ambao sote tuliwaita daktari, walikuja na ari yao, wakaagiza ESR kwa kila homa, na baada ya miezi michache wakachoka. "Ya nini, sista?" waliniambia. "Huku kila mtu iko juu." Wakarudi kwenye slaidi ya malaria: tone la kidole, dakika chache, mama aende zake.

Malaria nayo ilikuwa na desturi yake. Nairobi yenyewe haisumbuliwi sana na malaria, kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mtoto mwenye homa lilikuwa, "Ametoka nyumbani?" Nyumbani hapakuwa pale alipolala jana. Palikuwa Bungoma, Kakamega, Siaya, alikozaliwa babu yake. Shule zikifungwa watoto wa wafanyakazi wa viwandani walipelekwa huko, zikifunguliwa walirudi, na aliyerudi na homa aliandikiwa klorokwini kabla hajakaa kitini. Mara nyingi uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa sababu jambo lililo sahihi mara nyingi huacha kuulizwa maswali.

Hivyo ndivyo alivyokuja kwetu Nafula. Alikuwa msichana wa darasa la pili, mwembamba, mwenye mwanya, mtoto wa kwanza wa mama aliyeuza mboga sokoni na baba aliyefanya kazi kiwanda cha sabuni. Alikuwa amerudi kutoka Bungoma na homa. Alipewa klorokwini. Akaletwa tena, akapewa tena. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama mlangoni mwa tabibu na majibu ya mgonjwa mwingine, nikamsikia mama yake.

"Ametoka nyumbani?" tabibu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ndio daktari, lakini hiyo dawa amekunywa ikaisha na moto haishuki. Jana ilikuwa goti hii. Leo imewacha hii, imeshika hii ingine. Kesho sijui itakuwa wapi."

Tabibu hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Aliinuka, akaligusa goti, na Nafula akapiga ukelele uliowanyamazisha watu kwenye benchi nje. Ndipo akaandika ESR.

Mama Nafula alipoona bomba la sindano likijaa alimvuta mtoto kifuani. "Yote hiyo? Mnaipeleka wapi?" Alikuwa amezoea tone la kidole, na uvumi wa mumiani wanaouza damu ya watu haukuwa umekwisha mitaani. Mimi nilianza kumweleza kisomi. Mzee Mutua alivuta stuli akaiweka mbele ya meza. "Mama, haiendi popote," alisema. "Kaa hapa uichunge mwenyewe."

Hiyo ilikuwa desturi yake. Sijaiona katika maabara nyingine yoyote, na sijui kama vitabu vingeiruhusu. Mama yeyote aliyeogopa damu ya mwanawe kuibiwa aliketishwa kwenye stuli ile, akaichunga saa nzima, na alipoinuka alikuwa amejifunza kuusoma mrija. Mzee Mutua alimwambia maneno machache tu: ikishuka sana, mtoto anaungua ndani, ikikataa kushuka, moto umetulia. Kina mama waliotoroka dawa zote nyingine walirudi kwa ajili ya kuutazama mrija. Nami niliipenda desturi hiyo, naipenda hata leo, na ndiyo iliyonivunja moyo.

Damu ya Nafula iliporomoka. Niliwahi kuona nyingi, lakini ile ilishuka mbele ya macho ya mama yake kama maji kwenye mchanga, na kabla ya saa kwisha alikuwa ameshika kichwa. "Anaungua," alisema. Tabibu alisikiliza moyo, safari hii kwa makini, akamtuma hospitali kuu. Huko walisema ni homa ya baridi yabisi. Baba Nafula, mtu mrefu mpole ambaye mikono yake ilinukia sabuni daima, alikuja kutuuliza kama hawajakosea. "Baridi yabisi? Hiyo si ugonjwa ya wazee?"

Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengi. Huanzia kooni. Mtoto huumwa koo siku chache, linapona, kila mtu anasahau. Au anapelekwa Majengo kwa mtu wa kukata kimio, kile kinyama cha kooni, na watu wanasema amepona kwa sababu kimekatwa. Kisha baada ya wiki kadhaa mwili unageuka na kujishambulia wenyewe, magoti kwanza, halafu moyo. Magoti hupona yote. Moyo hubaki na kovu kwenye milango yake, na kila koo linapoumwa tena kovu huongezeka. Dawa yake ni sindano moja ya penisilini kila mwezi, mpaka mtoto awe mtu mzima. Baba Nafula alirudia maneno "mpaka awe mtu mzima" polepole, kama mtu anayepima uzito wa gunia kabla ya kulibeba.

Walilibeba, nawapa haki yao. Walikuja kila mwezi. Penisilini ile ilikuwa nzito, nyeupe kama uji, na iliziba sindano ikiwa nesi hana mkono mwepesi. Basi anachomolewa, inabadilishwa, anachomwa tena. Nafula alilia tangu getini. Baadaye alichechemea siku nzima, na shuleni wenzake walimcheka. Akitoka kwenye sindano aliingia kwetu akiwa bado ana kwikwi, mama yake akakaa kwenye stuli, nasi tukausimamisha mrija. Mwezi kwa mwezi damu ilipunguza mwendo. Ikafika siku ilipokataa kabisa kushuka. Mama Nafula alipiga vigelegele ndani ya maabara mpaka mafundi wa masanduku wakasimamisha nyundo, na Mzee Mutua, ambaye sikuwa nimemwona akitabasamu kazini, alitabasamu.

Tulipaswa kuogopa siku hiyo. Hakuna aliyeogopa.

Mwezi uliofuata mtoto aliletwa na baba yake. Alimshika Nafula walipomchoma, na sindano iliziba mara mbili. Kisha akaingia maabara na mtoto mkononi, tukatoa damu, na saa ilipokwisha akautazama mrija.

"Sista, wewe mwenyewe unaona. Hii damu imekataa kushuka. Si ndio nyinyi mnatakanga?"

"Ndiyo, Baba Nafula. Ni habari njema."

"Basi sasa mnamdungia nini? Mnatibu nini?"

Nilimwambia sindano si ya moto uliokuwapo, ni ya moto unaoweza kurudi. Nilimwambia koo likiumwa tena moyo ndio utakaoumia. Mzee Mutua aliacha kazi yake akaja kumwambia yaleyale kwa Kiswahili chake kifupi. Baba Nafula alitusikiliza kwa heshima, kofia mkononi. "Nimesikia," alisema. Mtu akikujibu hivyo, na asiongeze neno, ujue amesikia na mambo yameishia hapo. Lakini ungemlaumu kwa lipi? Tulimwekea ushahidi mbele ya macho, ushahidi ukasema mtoto amepona, kisha tukataka aamini midomo yetu kuliko macho yake, huku mtoto akimlilia begani.

Hawakurudi. Nesi wa mitaani alikwenda kwao mara kadhaa akakuta kufuli, mama yuko sokoni, baba yuko kiwandani. Baadaye jirani akamwambia wamehama. Nafula hakuwa peke yake, na hili ndilo ninalotaka mlielewe, vijana. Watoto wetu wa sindano za mwezi walipotea mmoja mmoja, na karibu wote walipotea damu ilipotulia. Waliokuwa na mirija mibaya walikuja bila kuitwa. Mzee Mutua aliliona hilo kabla yangu. Alijaribu kuwaambia kina mama kwamba mrija mzuri si ruhusa ya kuondoka. Walimcheka kwa upendo. "Mzee, ni wewe ulitufundisha," walisema. Alistaafu akaenda kwao Machakos, na sikuweza kufika mazishi yake.

Katika miaka ya themanini tulipata kitu kipya. Wafadhili fulani walileta maboksi ya kipimo kingine cha uvimbe. Unadondosha maji ya damu ya mgonjwa kwenye kigae cheusi, unaongeza tone la dawa nyeupe, unatikisa taratibu. Kama kuna uvimbe, ule weupe hukatika kama maziwa yaliyochacha. Dakika chache tu, si saa nzima, wala upungufu wa damu haukidanganyi. Niliamini kweli kwamba sasa tutawatenga watoto wanaoungua na wale wenye njaa tu. Tulikitumia msimu mmoja, kwa uangalifu, kwa homa zisizoeleweka peke yake. Kisha nesi mmoja mwema, akihofia joto, akayahamisha maboksi yaliyobaki kwenye sehemu ya barafu pamoja na vipande vya kupozea chanjo. Dawa ile haitakiwi kuganda. Baada ya hapo kila tone lilikatika, hata la damu yangu mimi niliyekuwa mzima. Tuliomba mengine, tukaambiwa mradi umekwisha. Nilirudi kwenye meza yenye akala.

Nafula alirudi akiwa msichana wa miaka kumi na minne hivi. Sikumtambua, nilimtambua mama yake. Walikuwa wamehamia Kayole, nyumba za kupanga zilipoanza kuota huko, na palikuwa na kliniki za karibu, lakini mama alimleta kwetu. Hakupita kwa tabibu. Alikuja moja kwa moja maabara, akamshika binti kiunoni, akavuta stuli mwenyewe.

"Mpime, sista. Anachoka sana. Analala amekaa, akilala chini anakosa pumzi. Koo ilimuuma shule ikifunguliwa, lakini ikapona. Mpime, mimi nitakaa."

Niliona shingo, mishipa imesimama na kupigapiga. Niliona miguu imevimba mpaka viatu vya shule vimefunguliwa kamba. Nilimwita tabibu, akaja, akaweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani mwa mtoto, na uso wake ukabadilika. Alikwenda kupiga simu ya gari la wagonjwa. Kwa kuwa gari halikuwa la kuja upesi, na kwa kuwa Mama Nafula alikuwa ameshamkunja binti yake mkono wa sweta, nilitoa damu. Nafula hakulia. Alikuwa akitumia nguvu zake zote kuvuta pumzi.

Nilisimamisha mrija. Mama akaanza kuuchunga. Nje, nyundo ziliendelea. Nusu saa ilipita na wekundu haukuwa umesogea. Saa ilipokwisha ulikuwa umeshuka kidogo sana, kidogo kuliko siku ile ya vigelegele. Mama Nafula aliuangalia, akaniangalia, akafunika mdomo kwa viganja viwili, na machozi yakamtoka.

"Imekataa! Asante Mungu. Nafula, ona, imekataa kushuka."

Nafula aliutazama mrija, akatabasamu na ule mwanya wake.

Vijana, hilo limeandikwa vitabuni na mnalifahamu. Moyo ukishindwa kusukuma, damu huacha kushuka hata kama moto unateketeza. Mrija mzuri kuliko yote nilioupata kwa mtoto yule ulikuwa mzuri kwa sababu alikuwa anakufa. Nilijua hivyo tangu nilipoona shingo yake, na bado nilitamani, kwa saa ile nzima, damu iporomoke. Ndiyo sala niliyoisali mbele ya mama yake.

Nilimshika mkono nikamtoa nje ya mlango. "Mama Nafula," nilimwambia, "leo hii si habari njema. Moyo umechoka sana, ndiyo maana damu haishuki. Gari linakuja kumpeleka hospitali kuu."

 Hakupandisha sauti. "Sista, ikishuka ni mbaya. Mlisema ikikataa ni nzuri. Sasa ikikataa pia ni mbaya?"

"Ndiyo."

"Basi mlitufundisha kusoma nini?"

Gari likafika, nikamsaidia kumpandisha binti. Nafula alifia wodini siku chache baadaye. Baba yake alikuja kituoni kuomba barua ya kusafirishia mwili, akanishukuru kwa heshima yake ileile, akanipa mkono wenye harufu ya sabuni. Walimzika Bungoma. Niliomba ruhusa siku hiyo nikakaa nyumbani kwangu Bahati nikalia, kisha kesho yake nikarudi, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa.

Kituo kilibaki vilevile. Penisilini iliendelea kuziba sindano, watoto waliendelea kupotea wakipata nafuu. Nilijaribu kuiondoa ile stuli. Kina mama wakagoma kutoa damu, nikairudisha.

Mwaka ulipogeuka, Mama Nafula aliingia tena maabara. Alikuwa amemshika mkono binti yake mdogo, Nekesa, ambaye alikuwa na umri ule aliokuwa nao dada yake alipoletwa mara ya kwanza. Mtoto alikuwa na homa, walikuwa wametoka nyumbani, na tabibu alikuwa ameandika ESR. Nilitoa damu. Nekesa alilia kama watoto wote, nami nikausimamisha mrija. Nilivuta stuli nikaiweka mbele ya meza, kwa mazoea.

Mama Nafula hakukaa. Aliupa mrija mgongo, akamficha mtoto uso kwenye leso yake.

"Usinionyeshe, sista," alisema. "Niambie tu ni nini."

Nilisimama pale mbele ya damu ya mtoto. Ilikuwa imeanza kushuka, na haikusema ni nini.